Peptidi za kinga na umezaji wa bakteria: wengu ukikauka, chembe nyeupe hupungukiwa na nini?

Mwanafunzi wa Kadutu, Bukavu

Wazee wangu na wenzangu wa maabara, nawasalimu kwa heshima. Ninasoma biolojia ya tiba hapa Bukavu, na TFC yangu, yaani kazi ya utafiti ya kumalizia masomo, inahusu maambukizi kwa watoto wenye selimundu, yaani wale ambao huku kwetu tunasema ni SS. Kila kitabu ninachofungua kinanieleza kwamba watoto hao hushambuliwa na bakteria wa pneumokoki na salmonela kwa kuwa wengu wao hukauka mapema, na wengu ndio unaochuja bakteria katika damu. Maelezo hayo nayaelewa. Lakini nimesoma mahali pengine kwamba wengu una kazi ya pili isiyotajwa sana: hushiriki kutengeneza peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino, yenye asidi amino nne tu, iitwayo tuftsini, ambayo huzichochea neutrofili na makrofaji, zile chembe nyeupe zinazokula vijidudu, zimeze bakteria wengi zaidi.

Hapo ndipo nilipokwama. Ukitazama slaidi ya usaha iliyotiwa rangi ya Gram, utaona neutrofili moja imejaa vidoa vya zambarau viwili viwili, hata kiini chake chenye vipande vitatu kimesukumwa pembeni, na nyingine iliyogusana nayo haina kidoa hata kimoja. Zote mbili zimetoka katika damu moja na zimelala katika usaha mmoja. Je, peptidi ndogo namna hiyo inaweza kueleza tofauti hiyo? Inawezaje kuiamrisha seli nzima ile? Tena vitabu vyetu huzitaja peptidi nyingine, kama vile defensini na LL-37, kuwa ni sumu za kuua bakteria moja kwa moja. Je, nazo zina mkono katika umezaji?

Nauliza pia kwa sababu nyingine. Kuna mtu anayeuza kwa njia ya simu vichupa vya sindano anavyoviita peptidi ya kinga, na mama mmoja mwenye mtoto SS ameniomba ushauri. Sikutaka kumjibu kwa kubahatisha. Na mwisho, kama ipo njia ya kupima umezaji huu katika maabara yenye hadubini ya kawaida na tanuri ya nyuzi 37 tu, naomba mnielekeze.

Papa Amani, Lubumbashi

Kijana wangu, asante kwa swali lililopangwa vizuri. Mimi nimefundisha mikrobiolojia huku Lubumbashi kwa muda mrefu, na nitaanza na tuftsini kwa sababu ndiyo yenye kisa kirefu zaidi.

Peptidi hiyo ilitangazwa mwaka 1970 na Victor Najjar pamoja na Kenji Nishioka wa Chuo Kikuu cha Tufts, Boston, ndipo ikapewa jina la chuo. Najjar ndiye yule yule ambaye jina lake wauguzi wa watoto wanalijua kutokana na ugonjwa wa manjano wa kurithi wa Crigler na Najjar. Mnyororo wake ni threonini, lisini, prolini na arjinini, basi. Uzito wake ni daltoni 500 hivi, wakati kingamwili ya IgG ina 150,000 hivi. Ninalinganisha hizi mbili kwa makusudi, kwa kuwa tuftsini haitengenezwi peke yake: ni kipande kilichokwisha kuwamo ndani ya mnyororo mzito wa IgG, kuanzia nafasi ya 289 hadi ya 292, katika ile sehemu ya Fc ambayo chembe nyeupe huishika. Ikiwa imefungwa humo haifanyi lolote. Lazima ikatwe pande zote mbili ndipo iwe huru, na mikato hiyo hufanyika mahali pawili tofauti. Kimeng'enya cha wengu hukata upande wa arjinini. Kisha kingamwili hiyo iliyokwisha kuchanjwa huenda ikajishika kwenye neutrofili, na kimeng'enya kilicho juu ya utando wa neutrofili yenyewe hukata upande wa threonini. Kwa hiyo tuftsini huachiliwa pale pale inapohitajika, juu ya seli itakayoitumia. Mimi huuona mpango huo kuwa wa akili sana, maana peptidi fupi ikizurura katika damu huvunjwa na vimeng'enya vingine ndani ya dakika chache.

Sasa ondoa wengu, ama kwa upasuaji baada ya ajali, ama kwa selimundu inayouziba na kuukausha mwaka baada ya mwaka. Mkato wa kwanza haupo. Wa pili hauna faida. Watafiti waliopima damu za watu waliotolewa wengu na za watoto wenye selimundu walikuta tuftsini imepungua. Zimeelezwa pia familia chache zenye wengu mzima kabisa, lakini lisini ya tuftsini yao imebadilishwa na asidi ya glutamiki. Watu hao huugua maambukizi ya mara kwa mara, na kipande chao kilichobadilika huizuia tuftsini ya kawaida isifanye kazi. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzito kuliko vipimo vingi vya kwenye mirija, kwa sababu asidi amino moja tu ndiyo iliyobadilika.

Unauliza peptidi ndogo inaiamrishaje seli kubwa. Haiisukumi, inagusa kipokezi. Mojawapo ya vipokezi vyake kinajulikana kwa jina la neuropilini-1, na arjinini ya mwishoni ndiyo inayoingia katika kishimo chake. Kipokezi kikishaguswa, ishara hupita ndani, nyuzi za aktini chini ya utando hujipanga upya, na utando hutoa mikono inayomzunguka bakteria. Seli hutembea kwa wepesi zaidi, humeza zaidi, na hutoa oksijeni kali zaidi ya kuua kilichomezwa. Angalia basi kwamba tuftsini haimgusi bakteria hata kidogo. Tangu mwaka 1903, Almroth Wright na Stewart Douglas walipoonyesha mjini London kwamba kuna vitu katika majimaji ya damu vinavyowaandaa bakteria ili wamezwe, tumezoea kufikiria upande wa mlo tu. Tuftsini iko upande wa mlaji.

Kuhusu neutrofili zako mbili za kwenye usaha, nisingeiweka lawama yote juu ya peptidi. Neutrofili huja kwa mafungu. Moja imefika mapema ikala, nyingine imefika jana usiku bakteria wakiwa wamepungua, na ya tatu imekwisha kufa ingawa kwenye rangi bado inaonekana nzima.

Mama Furaha, Goma

Ndugu mwanafunzi, na wewe Papa Amani, shikamoo. Ninakubaliana na mengi yaliyosemwa, ila nina hofu kwamba kijana ataondoka hapa akidhani upungufu wa tuftsini ndio chanzo kikuu cha hatari kwa mtoto SS. Sivyo. Pneumokoki amevaa koti la sukari ndefu, na neutrofili ikijaribu kumshika bila kitu cha kumshikia, humteleza kama kambale mkononi. Kinachompa mshiko ni kingamwili na komplimenti, yaani protini za damu zinazosaidia kinga, hasa ile iitwayo C3b, zikishikamana juu ya koti hilo. Wengu una limfosaiti za aina ya B ambazo ni hodari wa kutengeneza kingamwili za mapema dhidi ya sukari hizo, na pia una njia nyembamba ambamo damu hupita polepole mbele ya makrofaji. Mtoto hupoteza yote matatu: chujio, kingamwili hizo za mapema, na tuftsini. Kwa maoni yangu tuftsini ni ya tatu kwa uzito. Neutrofili iliyoamshwa vizuri, isipokuwa na mahali pa kushika, bado itakosa shabaha.

Sasa niende kwenye LL-37, maana hapo ndipo swali lako linapopendeza zaidi. LL-37 ni ya ukoo wa peptidi uitwao kathelisidini, na binadamu ana kathelisidini moja tu, ndiyo hiyo. Huhifadhiwa katika vifuko vilivyo ndani ya neutrofili ikiwa protini ndefu iitwayo hCAP18, na ikitolewa nje hukatwa na kimeng'enya cha proteinasi-3, ikabaki peptidi ya asidi amino 37 inayoanza na leusini mbili. Ina chaji chanya sita, na utando wa bakteria una chaji hasi, kwa hiyo hujibandika na kuutoboa. Ndivyo vitabu vyako vinavyosema, na katika maji yenye chumvi kidogo ni kweli. Lakini weka chumvi ya kiwango cha damu, ongeza seramu, na nguvu hiyo ya kuua hupungua sana. Swali likawa: kama katika mwili wenyewe haiui vizuri, kazi yake ni nini?

Sehemu kubwa ya jibu ni kuzungumza na chembe nyeupe. LL-37 hugusa kipokezi cha FPR2, ambacho ni cha ukoo mmoja na kile kinachonusa peptidi za bakteria zenye formili-methionini, na kwa njia hiyo huzivuta neutrofili na monosaiti kuelekea kwenye kidonda. Mwaka 2014 watafiti wa Stockholm walichapisha kazi waliyoifanya kwa makrofaji za binadamu: zilipowekewa LL-37 zilimeza bakteria zaidi, waliofunikwa kingamwili na hata wasiofunikwa. Sababu iliyoonekana ni kwamba vipokezi vya Fc viitwavyo CD32 na CD64 viliongezeka juu ya utando, na kwa bakteria wa Gram hasi vipokezi vya TLR4 na CD14 vilihusika pia. Yaani peptidi iliipa makrofaji mikono mingi zaidi ya kushikia.

Na defensini ni hivyo hivyo. Zile za neutrofili za binadamu, HNP-1 hadi HNP-3, zilielezwa mwaka 1985 na kundi la Tomas Ganz, Michael Selsted na Robert Lehrer wa Los Angeles. Zinajaza sehemu kubwa ya vifuko vya aina ya kwanza vilivyo ndani ya neutrofili, kiasi kwamba zamani zilidhaniwa kuwa ni akiba ya sumu tu. Mwaka 2008 kundi la Oliver Soehnlein lilionyesha kwamba neutrofili inapozimwaga, makrofaji za jirani hutoa TNF na interferoni gama, ambazo ni protini za kupelekeana ishara za kinga, nazo hupandisha CD32 na CD64 na kuongeza umezaji. Papa Amani amesema neutrofili ya tatu katika usaha imekwisha kufa. Mimi naongeza kwamba hata hiyo iliyokufa imewaachia walio nyuma yake ujumbe.

Bakteria nao wanazijua peptidi hizi. Stafilokoki wa dhahabu hutoa kimeng'enya kiitwacho aureolisini kinachoikatakata LL-37, na hubadilisha chaji ya ukuta wake ili peptidi isijibandike. Shigela, ambaye sisi wa Goma hatumsahau tangu kuhara damu kulipofuata kipindupindu katika kambi za wakimbizi mwaka 1994, amegunduliwa kuwa hushusha utengenezaji wa LL-37 katika ngozi ya ndani ya utumbo. Adui hasumbuki kubomoa kitu kisichomdhuru.

Mwanafunzi wa Kadutu, Bukavu

Mama Furaha, marahaba, ingawa kwa umri wangu ni mimi ninayepaswa kukupa shikamoo. Sasa nimeelewa kwamba kuna kumwandaa mlo na kuna kumwamsha mlaji. Nabaki na jambo moja la vitamini D, kwa sababu muuzaji yule anasema vichupa vyake vikitumiwa pamoja na vidonge vya vitamini D mtoto hatahitaji tena dawa za kila siku.

Docta wa Watoto, Lubumbashi

Mdogo wangu, hilo la mwisho lazima lijibiwe leo leo, kisha umfikishie yule mama. Mtoto SS asiachishwe penisilini kwa ajili ya kichupa chochote kile. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 1986, kwa watoto wa chini ya miaka mitatu, lilionyesha kwamba penisilini ya kunywa kila siku ilipunguza maambukizi makali ya pneumokoki kwa 84 kwa mia, na jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake ili watoto wote wapewe. Huo ndio uzito wa penisilini mezani. Uzito wa vichupa vile ni maneno ya kwenye simu. Chanjo ya pneumokoki nayo imo katika ratiba ya watoto nchini mwetu. Inafundisha mwili kutengeneza kingamwili dhidi ya lile koti la sukari, yaani inaleta kile ambacho Mama Furaha ameeleza kuwa ni mshiko. Kule Kilifi, Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba bakteria aliyeongoza katika damu za watoto wenye selimundu ni pneumokoki, akifuatiwa na salmonela zisizo za homa ya matumbo, kwa hiyo hali yetu haiko mbali na hiyo.

Vitamini D ina hoja ya kweli nyuma yake, na ndiyo maana inawapoteza watu. Mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba makrofaji ya binadamu ikimtambua bakteria wa kifua kikuu huwasha kipokezi cha vitamini D, nacho huwasha jeni ya kathelisidini, na bakteria huzuiwa. Lakini kutoka kwenye sahani ya maabara hadi kwa mtoto ni mbali. Jaribio kubwa la Mongolia, lililochapishwa mwaka 2020 na kuwahusisha watoto wa shule 8,851 ambao wengi wao walikuwa na upungufu wa vitamini D, halikupunguza maambukizi ya kifua kikuu, ingawa kiwango cha vitamini katika damu kilipanda kama ilivyotarajiwa. Mtoto mwenye upungufu apewe vitamini D kwa ajili ya mifupa yake, si badala ya penisilini.

Kuhusu sindano zenyewe, nina hofu tatu. Tuftsini tupu huvunjika upesi mno. LL-37 ikizidi kiwango hutoboa hata seli zetu wenyewe, tena katika ugonjwa wa ngozi wa soriasisi hujifunga na DNA ya mgonjwa na kuuchokoza mwili ujishambulie. Na kichupa kisichojulikana kilikotoka kinaweza kuwa na mabaki ya bakteria, ambayo kwa mtoto SS yanatosha kuleta homa na maumivu makali ya mifupa. Kwa wanaodhani dawa ya peptidi lazima iongeze kinga: Warusi walirefusha mnyororo wa tuftsini wakapata Selank, na kwao imesajiliwa kuwa dawa ya kutuliza wasiwasi.

Papa Amani, Lubumbashi

Limebaki lile la maabara, na linawezekana, ila chagua mirija yako kwa akili. Wengi watakupa damu yenye heparini ya kuizuia isigande, kwa kuwa ndiyo iliyoko. Heparini ina chaji hasi kali. Itaikamata LL-37 kabla haijafika kwenye seli, nawe utaandika kwamba peptidi haifanyi kazi. EDTA na sitrati, ambazo nazo huzuia damu isigande, huondoa kalsiamu, na bila kalsiamu komplimenti haiendi sawasawa. Njia ya zamani haihitaji chochote kati ya hivyo. Weka tone la damu ya kidole juu ya slaidi safi ya kioo, ilaze ndani ya sahani ya Petri yenye pamba iliyoloweshwa, uiache kwenye nyuzi 37 kwa nusu saa. Damu itaganda, na neutrofili zitatambaa na kushikamana na kioo. Osha taratibu bonge la damu kwa maji ya chumvi ya 0.9 kwa mia yenye uvuguvugu. Litaondoka na chembe nyekundu, na neutrofili zitabaki zimejitandaza.

Badala ya bakteria hai, anza na hamira ya mikate iliyochemshwa na kuoshwa, kwani punje zake ni kubwa na huhesabika bila taabu. Andaa slaidi yenye seramu mbichi, nyingine yenye seramu iliyopashwa nyuzi 56 kwa nusu saa ili komplimenti ife, na nyingine isiyo na seramu kabisa. Hizo tatu zitakuonyesha upande wa mlo. Kisha zirudie zote ukiwa umeongeza peptidi, uone upande wa mlaji. Slaidi moja iwekwe juu ya barafu, kwa sababu kwenye baridi punje hujibandika juu ya seli bila kumezwa, na bila kielelezo hicho hutajua kutofautisha kilichomo ndani na kilicho juu. Baada ya nusu saa nyingine, osha, kausha, tia rangi ya Giemsa, hesabu neutrofili 100, uandike ngapi zina angalau punje moja na kila moja ina punje ngapi kwa wastani. Anayehesabu asijue slaidi ipi ni ipi.

Nakushauri uanze na tuftsini, uiache LL-37, kwa sababu LL-37 hujibandika kwenye kioo na plastiki hata usijue ni kiasi gani kimebaki katika tone. Agiza pia peptidi yenye asidi amino zile zile nne zilizopangwa kwa mfuatano mwingine. Nayo ikiongeza umezaji sawa na tuftsini, basi unachokipima ni uchafu uliomo ndani ya unga. Peptidi zako zigawe katika vijichupa vidogo vya matumizi ya mara moja, maana umeme ukikatika zikayeyuka na kuganda tena mara kwa mara, zitaharibika. Na kabla ya kumchoma kidole mtoto yeyote, idhini ya kamati ya maadili na ya wazazi wake iwe mkononi. Kwa sasa tumia damu yako mwenyewe mpaka hesabu zako za siku mbili tofauti zikaribiane.